Namba Isiyokuwa Tasa

Sekela Mwalupindi hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa bega, akasimama mbele ya meza, utepe wa kupimia nguo bado ukining'inia shingoni mwake.

"Wewe ndiye uliyesaini ile Namba?"

Dkt. Tusekile Mwasandube alikuwa akisahihisha mitihani ya wanafunzi wake wa chuo cha ualimu pale Tukuyu. Hakuhitaji kuuliza ni namba ipi. Nchi nzima ilikuwa na moja tu: tarakimu mia sita kumi na saba, iliyochongwa kwenye ukuta wa kila mahakama. Punje ya kielektroniki aliyopandikizwa kila raia kwenye kifundo cha mkono, ile iliyoitwa Muhuri, ilifanya hesabu zake zote juu ya Namba hiyo. Kwa Muhuri mtu alifungua nyumba, alipata matibabu, alipanda treni, alitoa amri kazini. Na chini ya hati iliyothibitisha kwamba Namba ni tasa, kwamba haigawanyiki kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe, palikuwa na jina la Tusekile.

"Ndiye mimi. Karibu ukae, dada."

"Sikai. Keshokutwa wanamfuta kaka yangu, na wewe ndiye utakayeapa."

Hapo Tusekile akamtambua. Kaka yake ni Gwakisa, mlinzi wa milango ya Bwawa la Ngubwisya. Miezi saba iliyopita, Jumamosi asubuhi, mlango mkubwa wa bwawa ulifunguliwa bila king'ora kulia, na maji yakateremka bondeni yakaua watu arobaini na mmoja. Amri ya kufungua ilikuwa na Muhuri wa Gwakisa.

Kufutwa hakukuwa kifungo. Walikuwa wanaua ile punje ya mkononi, basi. Baada ya hapo hakuna zahanati iliyokupokea, hakuna duka lililokuuzia, hakuna aliyeruhusiwa kukuajiri. Wengi hawakumaliza mwaka.

"Nimesoma mwenendo wa kesi," Tusekile alisema. "Pole sana. Lakini Muhuri..."

"Asubuhi ile kaka yangu alikuwa anaimba kwenye mazishi Kyimo. Watu mia mbili walimwona. Walikuja mahakamani, wakaambiwa watu husahau, Muhuri hausahau." Sauti ya Sekela ilikuwa imekauka. "Na kati ya wale arobaini na mmoja, mmoja ni mama yetu. Haya, niambie wewe msomi. Mtu anamfungulia maji mama yake mzazi?"

Tusekile akajikuta anasema lile alilolisema kila mara. "Muhuri hauwezi kughushiwa. Hesabu haikubali."

"Nani amehakikisha?"

"Mimi."

"Ulihakikishaje?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Kwa miaka kumi na miwili Tusekile alikuwa ameapa mbele ya mahakama mara kumi na tisa kwamba Namba ni tasa, na hakuna wakili, jaji wala mshtakiwa aliyewahi kumuuliza hivyo.

Siku aliyosaini alikuwa na miaka ishirini na sita. Mwalimu wake, Asajile Mwampeta, ambaye sasa ni Mkurugenzi wa Mamlaka ya Muhuri, alimpa Namba saa mbili asubuhi. Wageni wa uzinduzi wa Muhuri walikuwa wameshakaa chini ya turubai. Alifanya kipimo cha haraka, Namba ikapita. Akaomba muda wa kufanya kipimo kamili. Mwampeta akamwambia, "Binti yangu, imepita mara elfu moja. Unataka ipite mara ngapi?" Akasaini.

"Kwa kipimo cha haraka," alisema.

"Basi ipime sasa hivi. Mbele yangu."

"Ni kosa la jinai. Kuipima Namba ni miaka saba."

"Kaka yangu anakwenda kufa na wewe unanihesabia miaka saba!" Sekela alipiga meza hata karatasi zikamwagika chini. "Ipime!"

Tusekile alinyanyuka kwa hasira. Aliipima ili kumfunga mdomo yule mwanamke. Ndivyo alivyokiri baadaye, na hakujaribu kulipamba.

*

Katika chumba cha takwimu palikuwa na kompyuta kuukuu isiyounganishwa popote. Tusekile aliingiza Namba kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine, maana aliijua yote. Kipimo kamili kilichukua sekunde arobaini. Alitazama jibu. Akakirudia. Akakirudia tena, safari hii akiwa amesimama.

"Nini?" Sekela aliuliza. "Nieleze kama unavyomweleza mtu."

Tusekile alivuta karatasi, akaandika 561.

"Kipimo cha haraka ni swali unaloiuliza namba. Namba tasa hujibu moja, siku zote. Namba nyingi zisizo tasa hujikwaa, zinajibu kitu kingine, unazikamata. Lakini zipo chache mno ambazo ni waongo. Hii ni mojawapo. Iulize utakavyo kwa kipimo cha haraka, itakujibu moja kama namba tasa halisi, isipokuwa ubahatike kuiuliza kwa kipande chake chenyewe. Na siyo tasa. Ni tatu mara kumi na moja mara kumi na saba."

"Sasa unaikamataje?"

"Kwenye dunia ya namba tasa, ukitafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe kisha ukagawa kwa hiyo tasa, baki linakuwa moja, unapata mbili tu: moja, na ile iliyopungukiwa moja kufika namba yenyewe. Hakuna ya tatu. Haya, kwa 561, chukua sitini na saba. Izidishe yenyewe kwa yenyewe."

Sekela alikuwa fundi nguo aliyekata vitambaa kwa hesabu za kichwa tangu ujana wake. "Elfu nne mia nne themanini na tisa."

"Toa 561 mara nane."

Midomo ya Sekela ilicheza kidogo. "Inabaki moja."

"Hiyo ndiyo ya tatu, isiyotakiwa kuwepo. Na ukishaipata, inakuonyesha palipo na ufa. Toa moja kwenye sitini na saba, unapata sitini na sita. Sitini na sita na 561 zinagawanyika zote kwa thelathini na tatu. Umeshaivunja."

"Na ile Namba?"

Tusekile aligeuza kioo cha kompyuta. Palikuwa na vipande vitatu, kila kimoja tarakimu zaidi ya mia mbili. Alimwonyesha jambo moja zaidi: ukitoa moja katika kila kipande, cha pili kinakuwa mara mbili ya cha kwanza, na cha tatu mara tatu yake. Namba ya kuokotwa kwa bahati haiwi na mpangilio kama huo. Hii ilifinyangwa. Mtu aliketi akaijenga ili ipite kipimo cha haraka, kisha akahakikisha kipimo kamili hakifanywi.

"Mwenye vipande hivi vitatu," Tusekile alisema polepole, "anaweza kuandika Muhuri wa mtu yeyote. Wako. Wangu. Wa Rais."

Sekela alikaa chini kwa mara ya kwanza. Hakulia. "Kwa hiyo tunakwenda mahakamani kusema."

Tusekile alikuwa ameshafika pale ambapo Sekela alikuwa bado hajafika. Pampu za moyo, mafigo ya mashine, dripu za wodini, vyote viliitii sauti ya daktari kupitia Muhuri. Siku atakayotamka hadharani kwamba Namba si tasa, hana haja ya kutaja vipande. Kila mwenye kompyuta atafanya kipimo kamili na kuvipata kwa sekunde arobaini. Ushahidi wenyewe ndio ufunguo.

Alipomweleza hayo, Sekela aliuvua utepe shingoni.

"Nimekuelewa," alisema. "Unataka ninyamaze."

"Nataka siku mbili."

"Ndizo nilizo nazo."

*

Mkurugenzi Mwampeta alimpokea Mbeya siku ileile, saa sita mchana, sahani ya wali ikiwa mbele yake. Hakuacha kula.

"Shikamoo, Mwalimu," Tusekile alisema, kwa mazoea tu, na alijichukia alipolisema.

"Marahaba, binti yangu. Kuna nini?"

Akamsomea tarakimu kumi za mwanzo za kipande cha kwanza. Mwampeta aliweka kijiko chini, akajifuta mdomo, akaenda kufunga mlango.

"Umempa nani?"

"Uliijenga wewe?"

"Niliijenga kwa kuagizwa. Serikali yoyote yenye akili huacha ufunguo wa akiba. Mmoja tu, kwa ajili ya hatari kubwa."

"Gwakisa Mwalupindi ni hatari kubwa?"

Mwampeta alivuta pumzi kama mtu anayeeleza somo kwa mara ya tatu. Mvua zilizidi siku ile, alisema. Bwawa lilikuwa linapasuka. Mkubwa mmoja alitoa amri lifunguliwe haraka, akasahau king'ora. Ingetajwa amri ilikuwa ya nani, serikali ingeanguka. Na mlinzi wa zamu alikuwa ni yule, aliyetoroka kwenda mazishini bila ruhusa.

"Hakuua mtu."

"Aliacha lindo."

"Alikwenda kuzika! Watu arobaini na mmoja, Mwalimu. Mama yake mzazi akiwemo. Na mmemwandikia yeye." Tusekile alisikia sauti yake imepanda na hakuishusha. "Nimeapa mara kumi na tisa. Wangapi kati yao mliwaandikia?"

Mwampeta alirudi kwenye kiti chake. "Wanne. Labda watano."

Labda. Tusekile alishika ukingo wa kiti. Kati ya wale kumi na tisa, alimkumbuka kwa sura mwanamke mmoja tu, mpimaji wa ardhi, aliyeshika kizimba kwa mikono miwili na kurudia kusema, "Si mimi, si mimi," hadi walipomtoa. Tusekile alikuwa amekasirika siku ile kwamba anapotezewa muda.

"Nisikilize," Mwampeta alisema. "Tunaandaa Namba mpya. Miaka miwili, kimyakimya, tunabadilisha punje zote. Hakuna atakayeumia. Ukisema keshokutwa, unajua pampu ziko ngapi nchi hii? Elfu tisini. Moja iko kifuani mwa mama yako. Mtu mmoja afutwe, au elfu tisini wakae mikononi mwa kila mhuni mwenye kompyuta? Hiyo nayo ni hesabu."

"Hesabu hiyo umeitengeneza wewe. Wewe ndiye uliyewaweka hao elfu tisini pale."

"Na wewe ulisaini." Alimtazama, na kile cheo cha ualimu kikamtoka usoni. "Hukuzaa, Tusekile. Kwa mwanamke tasa ni rahisi kucheza na roho za watoto wa wenzake."

Kwa miaka mingi wakwe walikuwa wamemwambia neno hilo, wengine kwa huruma. Hakuwahi kulijibu. Alichukua sahani ya wali, akaimwaga taratibu juu ya karatasi za meza ya Mwampeta, akatoka. Hakuna askari aliyeitwa; Mwampeta aliamini pampu ya mama ingemfunga mdomo.

*

Mama yake alikuwa uani kwake anamenya ndizi. Tusekile alimweleza kila kitu, akisimama katikati ya sentensi, akianza upya. Alipofika kwenye pampu, mama alitupa kisu kwenye beseni hata maji yakaruka.

"Umekuja kuniuliza nini?"

"Mama, nikisema, mtu yeyote anaweza..."

"Nimekusikia. Nakuuliza, umekuja kuniuliza nini? Nikwambie usiseme, ili huyo kijana akifutwa uwe unasema ni kwa ajili ya mama? Usinifanye mimi kisingizio, Tusekile. Nimeishi miaka sabini na mmoja, sijawahi kuwa kisingizio cha mtu."

"Ninaogopa."

"Ogopa. Halafu?"

Walikwenda zahanati alasiri ileile. Muuguzi alikata usikivu wa pampu, ikabaki inapiga mwendo mmoja, isiyoamrishwa na yeyote. Mwendo ukihitaji kubadilishwa, itabidi kifua kipasuliwe. Mama alisaini kwa dole gumba, akauliza kama bado anaruhusiwa kupanda kilima cha kanisani. Muuguzi alimwambia apande polepole.

Siku iliyofuata, yote, tangu asubuhi hadi jua linazama, Tusekile na Sekela walikaa kwenye simu. Walipigia hospitali moja moja, wakiomba wakate usikivu wa mashine zao. Hawakuweza kusema kwa nini. Sekela alikuwa hodari kuliko yeye. Aligombeza madaktari kama wateja waliokataa kuja kuchukua nguo zao. Wapo waliosikiliza. Wapo waliocheka. Daktari mmoja wa kaskazini alisema, "Dada, acha kunichezea, nina wagonjwa," akakata. Walipigia hospitali mia mbili na sita. Zilizokubali zilikuwa mia moja na kumi na nane.

"Hazitoshi," Tusekile alisema.

"Hazitoshi," Sekela alikubali. Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Ukirudi nyuma kesho, sitakulaumu. Nitakuchukia tu."

*

Jaji Theopista Rwegoshora alikuwa na haraka. Kiapo cha mthibitishaji kilikuwa sentensi moja, na kwa kawaida kilichukua muda mfupi kuliko kikohozi. Gwakisa alikuwa kizimbani, mwembamba, shati limemzidi. Mwampeta alikaa safu ya mbele.

"Dkt. Mwasandube, je, Namba ni tasa?"

"Hapana."

Jaji aliendelea kuandika, kisha akaacha. "Rudia."

"Namba si tasa, mheshimiwa. Ina vipande vitatu. Ilijengwa hivyo makusudi, na nilisaini bila kuipima inavyopasa. Anayevijua vipande hivyo anaweza kutoa amri kwa Muhuri wa mtu yeyote aliye hai."

Mwampeta alishasimama anapiga kelele kwamba shahidi ni mgonjwa, atolewe. Wakili wa serikali naye alisimama. Jaji aligonga meza hadi wote wakakaa.

"Maneno hayo ni mazito na hayana uthibitisho," alisema. "Una nini cha kunionyesha?"

"Naomba mheshimiwa utazame kioo cha kompyuta yako."

Jaji alitazama. Ukumbini walimwona anasoma, midomo ikisogea, kisha anaacha kusogea. Karani aliyekuwa nyuma yake alisoma kwa sauti bila kuombwa: "Mimi, Theopista Rwegoshora, ndimi niliyeamuru mlango wa Bwawa la Ngubwisya ufunguliwe." Chini yake palikuwa na alama ya kijani. Mashine ya mahakama ilikuwa imeukagua Muhuri na kuukubali. Ulikuwa Muhuri wa Jaji, kamili.

"Sikuandika hii," Jaji alisema.

"Najua, mheshimiwa. Niliandika mimi, asubuhi, kabla ya chai. Lakini kwa sheria ya nchi hii unastahili kufutwa leo. Unaweza kuita watu mia mbili waliokuona mahali pengine. Mahakama haitawasikiliza."

Jaji Rwegoshora alikuwa amefuta watu saba katika kazi yake. Alivua miwani, akaiweka mezani. Alipozungumza hakumtazama Tusekile, alimtazama Mwampeta.

"Fungeni milango," aliwaambia askari. "Yule pale asitoke."

*

Tusekile aliwekwa mahabusu siku ileile, kwa kosa la kuipima Namba na la kughushi Muhuri wa jaji, na hakupinga. Habari zilimfikia kwa vipande. Treni zilisimama siku nne. Watu walivunja milango ya nyumba zao wenyewe ili waingie kulala. Yule mkubwa aliyetoa amri ya bwawa alitajwa na Mwampeta mwenyewe siku ya pili, alipoona hakuna atakayemtetea.

Siku ya tatu, kwenye hospitali mojawapo ya zile themanini na nane zilizokataa, mtu asiyejulikana alitoa amri kwa Muhuri wa daktari, na pampu ya Selestini Byabato, mstaafu wa reli mwenye wajukuu sita, ikasimama. Kufika wiki ya pili waliokufa hivyo walikuwa watatu. Tusekile aliomba majina yao. Askari alimuuliza anayataka ya nini. Alisema, "Ni wangu," na askari akamwandikia.

Mama yake alikuja kumwona na chakula. Alikuwa amepanda kilima cha kanisani, alisema, na amepumzika mara nne.

Gwakisa, ambaye sasa alikuwa ameachiwa, alikuja baada ya mwezi. Alikaa upande wa pili wa wavu, mikono juu ya magoti. Sekela alikuwa amesimama nyuma yake.

"Dada amesema nije kushukuru," alisema.

"Hapana haja."

"Ni kweli, hapana haja." Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu wa kwaya, na hasira yake haikuipandisha. "Miezi saba nilisema sikufungua lile lango. Nilisema hivyo polisi. Nilisema hivyo mahakamani. Nilisema mama yangu alikuwa kule chini. Watu mia mbili wakaja wakasema tulikuwa naye, tulimsikia akiimba. Na wewe ulikuwa unajiandaa kuja kuapa. Ulitaka namba ikwambie kwanza ndipo uniamini."

Tusekile alitaka kumwambia juu ya zile hospitali mia mbili na sita, na juu ya miaka saba inayomngoja. Aliona yote hayo si jibu.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema.

Gwakisa aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa amekuja kuchukua kitu hicho na sasa amekipata. Alisimama, akasogeza kiti mahali pake kwa uangalifu, akatoka nje kwenye jua la asubuhi. Sekela alibaki dakika moja zaidi pale kwenye wavu. Kisha naye akamfuata kaka yake.